Mhariri Kutoka Bara: Mulokozi na Amana ya Pwani

Katika ushairi wetu wa magazeti, mhariri ni mtu wa kuombwa nafasi. Tangu Mambo Leo lilipoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, na katika magazeti yaliyolifuata, mshairi hubisha hodi kwake katika ubeti wa kwanza, humsalimu kwa taadhima, humsihi asiutupe utungo kapuni. Kisha akishafunguliwa mlango huingia na mambo yake na kumsahau mwenye nyumba. Wahakiki nao wameufuata mwendo huo huo. Watapima vina na mizani, watachambua dhamira na lugha, na wafikapo kwa mtu aliyezikusanya beti hizo, akazinakili, akaamua lipi ni neno la mtunzi na lipi ni kosa la mkono wa mnakili, humpa mstari mmoja wa shukurani wakaenda zao.

Nataka leo nimtazame mhariri mmoja kwa kazi yake ya uhariri, na kwa ile ya uhakiki inayoambatana nayo. Naye ni M. M. Mulokozi, mzaliwa wa Kagera, mshairi, mwandishi wa tamthilia ya Mukwava wa Uhehe na wa hadithi za vijana zilizoanza na Ngome ya Mianzi, aliyeitumikia kwa miaka mingi Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile tuliyoizoea kwa jina la TUKI kabla haijageuzwa kuwa TATAKI mwaka 2009. Namchagua yeye kwa sababu mbili. Kwanza, vitabu viwili alivyovihariri vinatuhusu sisi wa mwambao kuliko mtu mwingine yeyote: Tenzi Tatu za Kale (1999) na Barua za Shaaban Robert 1931–1958 (2002). Pili, wengi wetu hatukumtarajia.

Wazee wa huku hawakumjua kama mhariri. Walimjua kama mshindani. Mwaka 1971 Mombasa ilitoa Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir iliyotayarishwa na marehemu Shihabuddin Chiraghdin, na neno malenga likasimama kwenye jalada kama taji juu ya kichwa cha mwenyewe. Miaka mitano baadaye Mulokozi na mwenzake Kulikoyela Kahigi wakatoa Malenga wa Bara. Msomaji wa leo huenda asisikie uchokozi katika jina hilo. Sisi tulioanza kujifunza shairi kwa kusikiliza wakubwa barazani tuliusikia barabara. Malenga, kwa mazoea ya pwani, ni mtu aliyetawazwa na wasikilizaji wake baada ya kujibizana na kushinda. Hawa walikuwa vijana wa chuo kikuu waliojitawaza wenyewe, tena wakaitaja bara kama mtu atajaye kabila lake katika ugomvi. Ikafuata Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, ambamo walitetea kwa hoja walichokuwa wamekionyesha kwa mifano: kwamba vina na mizani si sharti la ushairi, na kwamba utungo waweza kuwa shairi bila ya kuvifuata.

Mgogoro huo umeshaelezwa mara nyingi, na sina haja ya kuufukua. Ila kuna kipande chake kimoja kinachoigusa mada yangu. Katikati ya miaka ya 1970 Mulokozi alichapisha kwa Kiingereza makala ndefu juu ya ushairi wa Kiswahili, akiupima kwa mizani ya matabaka: upi ulisimama na mapinduzi na upi uliyarudisha nyuma. Yalikuwa mawazo ya Mlimani wa zama zile, wakati Azimio la Arusha lilikuwa bado changa na kila kitu, toka shamba hadi tungo, kiliulizwa kinamtumikia nani. Mimi makala yale siyapendi, na niseme kwa nini. Mizani ya namna hiyo hutoa majibu ya haraka. Mpime kwayo Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka mtawala wa Siyu, na utaambiwa kwamba huyu ni bibi wa nyumba ya watawala amfundishaye bintiye utiifu. Si uongo. Lakini mizani hiyo haina sikio la kumsikia mama mgonjwa anayejua kwamba hana siku nyingi, anayetafuta neno la kumwachia mtoto litakalomfaa pindi yeye asipokuwapo. Utungo ule umeishi kwa ajili ya sauti hiyo, na wanawake wa Lamu walioukariri kizazi baada ya kizazi hawakuwa wote mabibi wa majumba.

Hata hivyo, kuna jambo la kumtetea. Wengi waliozikataa tungo za kale katika miaka ile hawakuwa wamezisoma. Yeye alizisoma, tena kwa karibu, na anayesoma kwa karibu hata akiwa na hasira huwa ameshafungua mlango asiouweza kuufunga tena. Miaka ishirini na mitano baada ya makala yale, huyo huyo Mulokozi ndiye anayeketi kumhariri Mwana Kupona, na pamoja naye Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir na utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Watunzi watatu, na kila mmoja mbali na imani ya ujana wake: mmoja anahimiza utii, mmoja anaukana ulimwengu wote kwa kutazama magofu ya Pate, mmoja anamsifu shujaa mwana wa wafalme. Sijui mtihani mkubwa kuliko huu kwa mhariri. Kuyahariri maandiko unayokubaliana nayo ni kazi nyepesi, kwani mkono hauna sababu ya kuteleza.

Nini kilichomgeuza? Jibu moja liko katika kazi ambayo sisi wa pwani hatukuifuatilia, kwa kuwa haikutuhusu. Mwaka 1986 Mulokozi alikamilisha tasnifu ya udaktari juu ya tenzi za Wahaya ziimbwazo kwa nanga, kile kinanda cha nyuzi cha nchi ya kwao. Mtu aliyekaa na waimbaji wa nanga hujifunza jambo ambalo karatasi haifundishi: kwamba utenzi hauna umbo moja. Leo mwimbaji ameurefusha hapa kwa kuwa wasikilizaji wamechangamka, kesho ameukata pale kwa kuwa usiku umekwenda, na zote mbili ni utenzi ule ule. Makala yake mashuhuri juu ya tanzu za fasihi simulizi, yaliyotoka katika Mulika mwaka 1989, yanatokana na ujuzi huo. Wanafunzi wameyageuza kuwa orodha ya kukariri kwa ajili ya mitihani, jambo la kusikitisha, kwa sababu uzito wake uko katika kusisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio: pana mtendaji, pana hadhira, pana mahali na wakati, na ukiviondoa hivyo umebaki na ganda.

Tia ujuzi huo kwenye Fumo Liyongo. Kisa cha shujaa aliyechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, akafa amepiga goti kisimani na upinde mkononi, kilikuwa kikisimuliwa, kikiimbwa na kuchezewa gungu karne nyingi kabla Kijumwa hajashika kalamu. Utenzi wa 1913 ni kituo kimoja katika safari hiyo. Mhariri aliyelelewa na karatasi peke yake angetafuta matini sahihi, kama kwamba palikuwa na moja. Mhariri aliyesikiliza nanga anajua kwamba anachokishika ni usiku mmoja wa simulizi iliyodumu usiku elfu.

Tusijisahaulishe kwamba kazi hii tulikuwa nayo wenyewe zamani. Muyaka wa Mombasa alifariki mwaka 1840 au karibu yake, na tungo zake nyingi zilibaki katika vifua vya watu. Lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyezikusanya kutoka kwa waliozihifadhi na kuziandika kwa hati za Kiarabu, akifanya kazi pamoja na Mwingereza W. E. Taylor, leo tungekuwa na jina la Muyaka na hadithi zake, basi. Mwaka 1940 Hichens alichapisha diwani, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu chake kikubwa; wote wawili walijenga juu ya kiwanja kilichosawazishwa na Sikujua. Huyo ndiye mhariri wa kwanza tunayeweza kumtaja kwa jina na kueleza alichokifanya. Ni wangapi kati yetu wanaomtaja? Tunapojadili iwapo mtu wa Kagera ana haki ya kuzigusa tungo za Lamu, tuanze kwa kujiuliza tulimfanyia nini mtu wa Mombasa.

Sasa niingie katika Tenzi Tatu za Kale yenyewe. Fadhila yake kubwa ni ndogo kwa kuitazama: inaeleza Kiswahili kwa Kiswahili. Mwana Kupona alichapishwa na Alice Werner na Hichens mwaka 1934, Al-Inkishafi na Hichens mwaka 1939, kisha tukapata mkusanyo wa Lyndon Harries mwaka 1962 na ule wa J. W. T. Allen mwaka 1971. Ni vitabu vya watu waliojitaabisha, na mimi ninayejipatia riziki ya akili kwa kufasiri siwezi kuvidharau. Lakini kila ubeti ndani yake unatazamana na Kiingereza. Maelezo ni ya Kiingereza, tanbihi ni za Kiingereza, na mtu anayeambiwa maana ni Mwingereza. Kijana wa hapa Pongwe aliyetaka kujua utungo wa Lamu unasema nini, naye hana Kiingereza cha kutosha, alilazimika kupitia London ili afike Lamu, ilhali lugha ni yake na imani aghalabu ni yake.

Kueleza lugha kwa lugha hiyo hiyo ni kugumu kuliko kufasiri, na nasema hivi kwa kuwa nimezijaribu zote mbili. Mfasiri ana pa kujificha. Akikutana na neno lisiloelekea, hulipa sura nyingine katika lugha ya pili, na msomaji wa lugha hiyo hana njia ya kumkamata. Mwenye kufafanua Kiamu kwa Kiswahili cha leo yuko uwanjani mchana kweupe. Msomaji analiona neno la asili upande huu na maelezo upande huu, na akiwa mtu wa kaskazini atasema papo hapo, hapana, sivyo tusemavyo. Mhariri anayekubali kusimama pale amekubali kusahihishwa na wenyewe.

Na kwa maneno ya kaskazini kuna suala la vina, ambalo kwa msomaji wa jarida hili halihitaji maelezo marefu. Lamu husema mato kwa macho, nti kwa nchi, ndia kwa njia. Mhariri mwenye pupa ya kuwarahisishia wanafunzi angeweza kuyabadili maneno hayo na kuyaweka ya Unguja; ubeti wenye kina cha -to ungebaki na -cho katikati yake kama jino la kupandikiza. Wapo waliofanya hivyo katika vitabu vya shule, na watoto wakafundishwa kwamba watunzi wa kale hawakuwa hodari wa vina! Mulokozi ameliacha neno mahali pake na kulipa maelezo yake pembeni. Huyu ni mtu aliyeandika kwamba vina si sharti la ushairi. Lakini alipokabidhiwa vina vya mwingine hakuvigusa.

Hapo namsifu. Hapa namkosoa. Jina lenyewe la kitabu ni Tenzi. Watu wa Lamu husema utendi, tendi. Allen, Mwingereza yule, aliita kitabu chake Tendi, akawapa wenyewe neno lao. TUKI imeandika tenzi kwa kuwa hiyo ndiyo sanifu, na sanifu tangu mwaka 1930 imejengwa juu ya Kiunguja. Sisi wa Mrima tunasema utenzi pia, kwa hiyo mimi mtu wa Tanga sikupoteza kitu. Nimepata faida nisiyoifanyia kazi. Lakini msomaji wa Lamu au Pate anakutana na lugha ya kwao imeoshwa tangu jaladani, kabla hajaufungua ukurasa wa kwanza. Jambo dogo, watasema. Herufi moja. Lakini mhariri hana mali nyingine isipokuwa herufi.

La pili ni hati. Tungo zote tatu ziliandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu, na mpaka leo wako wazee wa visiwani na wa mwambao wanaozisoma hati hizo kwa Kiswahili bila ya kusita. Abjadi ya Kirumi inaziandika t mbili za Kiamu kwa herufi moja, ya meno na ya ufizi, na sikio la mwenyeji linazitofautisha. Mwalimu Sikujua alilijua tatizo hili na akahangaika nalo zaidi ya karne moja iliyopita, akizitilia hati alama za kuzitenganisha sauti zetu. Kitabu cha Kiswahili kwa Waswahili kilikuwa mahali pake hasa pa kutia walau kurasa chache za hati ya asili, ili kijana aone kwamba babu zake walikuwa na kalamu kabla ya kuja kwa misheni na serikali. Najua gharama za uchapaji, na najua vyuo vyetu havichapishi kwa anasa. Bado naona upungufu.

Nije sasa kwa Shaaban Robert, maana hapa ndipo mada inapofika nyumbani. Barua alizozihariri Mulokozi ziliandikwa kwa Yusuf Ulenge, nduguye mdogo Shaaban, naye mwandishi pia: yeye ndiye mwenye Nguzo ya Maji. Lau Ulenge asingezitunza, pasingekuwa na kitabu. Miaka ishirini na saba ya barua kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mtu mmoja, na mpokeaji hakuwashia jiko hata kwa kughafilika: huo nao ni uhariri, ule wa kwanza kabisa.

Shaaban tunayemjua vitabuni amejipanga mwenyewe. Katika Maisha Yangu, kitabu kizuri kwa kila hali, mtunzi anajionyesha kama atakavyo aonekane: mtumishi mwaminifu, mume mwenye mapenzi, mpenda haki, mvumilivu wa dhiki. Kila sentensi imepigwa pasi. Hata insha zake zimevaa kanzu. Sisemi hayo kumpunguza. Adabu ile ndiyo iliyomfanya awe mwalimu wa lugha yetu, na hata alipomwandikia wasifu Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyefariki mwaka 1950, alimpa heshima ile ile ya maneno yaliyopimwa. Nani mwingine katika zama zake aliyemwona mwimbaji wa taarab kuwa anastahili kitabu? Uhakiki wa sanaa kwa Kiswahili una deni kwa kijitabu kile kuliko tunavyokiri.

Barua ni jambo jingine. Aandikaye barua kwa mdogo wake hajui kwamba wewe na mimi tutaisoma. Anataja mambo ya nyumbani na ya ndugu, kazi, miswada, bila ya kuyapanga yaonekane. Ndipo penye mtihani wa mhariri. Ana mbele yake mtu ambaye taifa zima limemfanya sanamu ya adili. Akiwa mwoga atachagua barua zenye nasaha na kuziacha za dhiki. Tutapata Adili na Nduguze ya pili. Akiwa mpenda zogo atatanguliza za dhiki, na gazeti litapata habari. Mulokozi amezipanga kwa miaka yake na kumwacha mtu aende mwendo wake.

Nilimwazima kitabu hiki mwalimu mmoja mstaafu wa hapa Pongwe, mtu aliyesomesha Kusadikika kwa miaka mingi na anayekijua nusu yake kwa moyo. Alikaa nacho siku nyingi. Aliporudisha hakuwa na furaha. Aliniambia kwamba anajihisi kama aliyechungulia dirisha la jirani, na kwamba kwa adabu ya kwetu barua ya ndugu kwa ndugu ni amana, haisomwi na mtu wa tatu hata waandikiane wakiwa wamekufa. Nilimjibu kwamba marehemu ni mtu wa umma. Akasema: na mke wake, na watoto, na jamaa waliotajwa humo, nao ni watu wa umma?

Sina jibu la kumshinda, na naona si haki kupita hapa kana kwamba swali ni la kishamba. Ninachoweza kusema ni kile nilichokipata mimi kama msomaji. Kwa muda mrefu tumemsoma Shaaban Robert kama sauti isiyo na mwili. Watoto wa shule humdhania ni mtu aliyezaliwa mzee, akakaa chini ya mwembe na kutoa hekima. Barua zinamrudisha ofisini: karani wa forodha tangu mwaka 1926, kisha Idara ya Mifugo, kisha ofisi za serikali hapa Tanga, akiandika vitabu baada ya saa za kazi katika nchi ambayo cheo cha Mwafrika kilikuwa na dari inayojulikana. Mtu akishayajua hayo, Kusadikika haiwi tena ngano ya nchi ya angani. Inakuwa kitabu kilichoandikwa na mtu aliyekuwa akiamka asubuhi kwenda kuwatumikia wale wale. Nadhani faida hiyo inalipia kuchungulia dirishani. Mwalimu yule hadhani hivyo, na tumebaki hivyo.

Kuna pengo moja katika kitabu ambalo jina lake linalitangaza waziwazi: 1958. Shaaban alifariki mwaka 1962. Miaka minne ya mwisho haimo, nayo si miaka ya kawaida. Mwaka 1959 Insha na Mashairi ilitolewa hapa hapa Tanga, mbali na mashirika makubwa ya London na Edinburgh na ya Afrika Kusini yaliyokuwa yamechapisha vitabu vyake vya mbele. Mtunzi alikuwa amechoka kungoja. Ni miaka ya kustaafu kazi ya serikali. Ni miaka ambayo Tanganyika ilipiga kura, ikapata madaraka, na tarehe 9 Desemba 1961 ikapandisha bendera yake, jambo ambalo mwandishi wa Kusadikika alikuwa amelingojea maisha yake yote. Alimwandikia nini mdogo wake usiku ule? Au hawakuandikiana kwa kuwa walikuwa mji mmoja? Mhariri si mwenye kulaumiwa kwa barua zisizokuwapo. Lakini msomaji ana haki ya kuutazama mwaka ule wa 1958 kama anayetazama daraja lililokatika, na kusikitika.

Na majibu hayamo. Tunamsikia kaka, hatumsikii mdogo mtu. Hii ni hali ya barua nyingi duniani, ila kwa kuwa Ulenge naye alikuwa mwandishi, hasara ni maradufu.

Pima kazi hii na ile iliyofanywa na wachapishaji baada ya mazishi. Kufikirika, Utubora Mkulima, Siku ya Watenzi Wote, Utenzi wa Vita vya Uhuru: vyote vilitoka katika miaka ya 1960 mwandishi akiwa kaburini. Vilipita mikononi mwa nani? Msomaji gani wa Kufikirika anaweza kutaja jina la aliyeihariri, au kuonyesha sentensi moja aliyoigusa? Tunavisoma tukiamini kwamba kila neno ni la Shaaban, na huenda ni hivyo. Tofauti ni kwamba kwa Barua kuna mtu tunayeweza kumshika shati. Ametia jina lake, na hoja yoyote tuliyo nayo tunajua pa kuipeleka.

Swali la pwani na bara halijaisha, wala sitaki kulifunika kwa adabu. Wako wanaosema kwamba mtu asiyelelewa na kasida na maulidi hawezi kuhariri Al-Inkishafi, kwa kuwa nusu ya utungo ule iko katika yale ambayo mtunzi hakuhitaji kuyasema. Kuna ukweli. Neno la Qurani likidokezwa kwa kivuli chake, sikio la madrasa hulidaka na jicho la chuo hulipita. Lakini waliolelewa hivyo walikuwa wapi mwaka 1999? Walikuwapo, wengine Lamu, wengine Unguja, wengine Uarabuni na Ulaya, wengi wao wajuzi kumshinda Mulokozi katika Kiamu na katika dini. Walikuwa wakilalamika barazani. Hata mimi nilikuwa kwenye baraza mojawapo. Wakati huo mtu wa Kagera alikuwa anasahihisha sampuli za chapa.

Na bado kuna kazi inayongoja, tena iko mlangoni petu. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mtunzi mkubwa kabisa wa tenzi kutokea Mrima huu, aliandika juu ya vita vya Wajerumani: Pangani, bendera, Bushiri bin Salim, mpaka kitanzi cha Desemba 1889. Utenzi huo ulichapishwa na J. W. T. Allen mwaka 1955, ukarudiwa mwaka 1960, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Tenzi zake nyingine za dini zilihaririwa na wageni vile vile, mmojawapo, ule wa Abdirrahmani na Sufiyani, ukiwa na tafsiri ya Roland Allen, babake huyo J. W. T., padre aliyejifunza Kiswahili uzeeni na kufariki Nairobi mwaka 1947. Ukitaka kumsoma Hemedi leo, utamkuta katika maktaba za vyuo, na pembeni yake Kiingereza. Mwanafunzi wa Muheza, wa Mtang'ata au wa Pangani, ambaye vita vile vilipiganwa katika uga wa babu yake, hana toleo lililomfafanulia Hemedi kwa Kiswahili kama Mulokozi alivyomfafanulia Mwana Kupona. Kwa kazi hii hatuhitaji mtu wa kutoka mbali. Kimtang'ata bado kinasemwa, majina ya mahali yote yanajulikana, na kutoka Pongwe hadi Pangani ni safari ya kwenda na kurudi siku moja kwa basi.